Shuka na Umbea wa Fundi Saa

Mashine ile ya kupigia mashuka pasi tuliiita Shemeji, kwa sababu ilikula kila ilichopewa na haikuwahi kusema asante. Ilikuwa na magogo mawili ya chuma, marefu kuliko mtu, yanazunguka moja juu ya jingine na moto umo ndani. Upande huu unaingiza shuka bichi, limekunjamana kama uso wa mtu aliyeamshwa vibaya. Upande ule linatoka limenyooka, lina joto, linanukia usafi. Chumba kizima kilijaa mvuke. Asubuhi jua likipenya kwenye madirisha ya juu, mvuke uling'aa weupe hata usijue mashuka yanaishia wapi na hewa inaanzia wapi. Tulikuwa wanawake tisa tukifua nguo za hospitali, na aliyesimama mlangoni angedhani anaona watu wanatembea ndani ya wingu.

Mimi na Bi Pembe tulikuwa wakunjaji. Jina hilo alipewa kwa sababu katika miaka kumi na tisa pembe ya shuka haikuwahi kumponyoka. Shuka kubwa halikunjwi na mtu mmoja. Wewe unashika pembe mbili, mwenzako mbili, mnarudi kinyumenyume mpaka linanyooka, mnalikung'uta, mnalivuta, kisha mnatembea mpaka mnakutana katikati. Mikono inagusana, unampa pembe zako, unainama kuokota mkunjo wa chini, mnaachana tena. Mara tatu hivyo, shuka moja limekwisha. Mnachukua la pili.

Sasa Bi Pembe alikuwa na umbea, na umbea hausemwi kwa sauti mbele ya msimamizi. Kwa hiyo alinipa habari pale tulipokutana tu. Tukiwa mbali, kimya, kila mtu anaangalia dirisha lake. Tukikaribiana, ananong'ona.

"Yule jirani yangu fundi saa kaonekana tena."

Tunaachana. Mimi huku nyuma nina shuka mkononi, moyo umebaki katikati ya chumba. Tunakutana.

"Kwa mjane anayeuza vifungo. Na kisanduku chake cha vifaa."

Tunaachana. Habari ya dakika tano ilichukua asubuhi nzima, na mimi hata siku moja sikuchoka.

Siku Shemeji aliponila mkono ilikuwa siku kama nyingine. Aliyekuwa akiingiza mashuka kwenye mashine aliumwa, nikashika nafasi yake. Magogo yalikuwa ndiyo kwanza yanaanza kupata moto, na hiyo ndiyo ilikuwa bahati yangu. Shuka lilijikunja pembeni, nikapeleka mkono wa kulia kulirekebisha, kama unavyomrekebishia mtoto kola anapotoka kwenda shule. Sikumbuki maumivu. Nakumbuka weupe. Nakumbuka Bi Pembe ameipiga swichi nyekundu, na kimya kilichofuata. Sikuwa najua kwamba chumba kile nacho kina kimya chake. Sikupiga kelele. Watu walinisifia hilo, wakasema mama huyu ana moyo. Hawakujua, wala mimi sikujua, kwamba ile kelele nilikuwa nimeifumbata.

Miezi minne baadaye daktari wa mifupa aliweka picha yangu kwenye taa na kutabasamu. Mifupa imeunga vizuri, alisema, na ngozi imepona, laini kabisa. Lakini vidole vilikuwa vimefumba. Nilikuwa na ngumi mwisho wa mkono wa kulia, usiku na mchana, na ukijaribu kuifungua kwa nguvu maumivu yalipanda mpaka kwenye meno.

Nikapelekwa kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo, dada mrefu mwenye viatu vya raba, mdogo kuliko binti yangu. Aliushika mkono wangu muda mrefu bila kuuvuta.

"Mama, mkono wako ni mzima. Kichwa ndicho bado kinaulinda. Kinadhani mashine ipo hapa hapa."

"Unataka kusema najifanya?"

"Hapana, mama. Maumivu ni ya kweli. Ni mlinzi tu ndiye hajaambiwa kwamba mwizi ameshaondoka."

"Basi mwambie wewe, maana mimi hanisikilizi."

Alicheka, nami nikacheka, ila njiani kurudi nyumbani kicheko kiliniisha. Binti yangu alikuwa na mimba ya miezi saba. Alikuwa amesubiri miaka tisa. Ningekuwa mtu wa kazi nyingine labda nisingelifikiria sana, lakini mimi maisha yangu yote nimepokea vitu kwa mikono miwili, na nilikuwa nimejiahidi kwamba mtoto huyo nitampokea mimi kabla ya mtu mwingine yeyote. Kichwa cha mtoto mchanga kinataka kiganja kilicho wazi. Hakikai juu ya ngumi.

Mkwe wangu, kijana mcheshi, alijaribu kunichangamsha. "Mama, kwa ngumi hiyo mjukuu atadhani amezaliwa kwenye ulingo."

Tulicheka mezani. Kisha nikaenda jikoni kuosha sufuria ambayo ilikuwa imeshaoshwa.

Alasiri moja nilijilaza sebuleni, pazia limeshushwa, feni inazunguka polepole. Niliota nakunja shuka. Lilikuwa refu, jeupe, limepita mlangoni na kwenda hadi nje, hata sikumwona aliyeshika upande wa pili. Nilijua tu kwamba yupo, kwa jinsi lilivyovutika. Alivuta kidogo, nikavuta kidogo, kama watu wawili wanaoulizana hali. Hatukuwa na haraka. Tulikuwa tunasogeleana, hatua kwa hatua, na miguu yangu haikugusa chini.

Nilipoamka binti yangu alikuwa amekaa ukingoni mwa kiti, mikono juu ya tumbo, ananiangalia.

"Mama, ulipokuwa umelala mkono ulifunguka."

"Mkono gani?"

"Huo. Ulikuwa wazi juu ya mto, vidole vyote vitano. Nikaogopa kukuamsha."

Tuliutazama pamoja. Ngumi, kama jana na juzi. Nikauonea usingizi wivu, kama mtu anayeambiwa mume wake huwa anacheka sana akiwa kwa jirani.

Wiki hiyo msimamizi wa dobi alituma ujumbe kwamba nirudishe aproni na ufunguo wa kabati. Si mtu mbaya. Mashuka hayamsubiri mtu. Nilikwenda adhuhuri, saa ya mapumziko, nisije nikakutana na macho mengi. Shemeji alikuwa amezimwa, wanawake wako nje wanakula. Ndani alikuwa Bi Pembe peke yake. Hawakuwa wamempa mwenzake bado, kwa hiyo alikuwa amefunga pembe mbili za shuka kwenye chuma cha dirisha na anakunja na dirisha.

Alisikia nyayo zangu. Zile nyayo amezisikia miaka kumi na tisa nikirudi kutoka kunawa uso. Hakugeuka hata kidogo. Alifungua mafundo mawili, akanirushia zile pembe huku anasema, "Na jana mjane kamfungulia mlango kabla hajabisha. Shika."

Nikashika. Kwa mikono miwili. Aproni ilianguka chini na mimi nikarudi nyuma, shuka likanyooka katikati yetu, nikalikung'uta, tukaanza kusogeleana. Nilikuwa nataka kujua huyo mjane alijuaje kwamba mtu yuko nje. Hatua tatu, nne. Ndipo macho ya Bi Pembe yakashuka kwenye mkono wangu, na ya kwangu yakayafuata.

Mkono ukajifunga kama konokono aliyeguswa. Ukaikamata ile pembe usiiachie. Tulilazimika kulichomoa shuka taratibu kama uzi kwenye sindano.

"Shoga, nisamehe," Bi Pembe alisema, kiganja kiko mdomoni. "Wallahi nilisahau."

"Usiniombe radhi. Sahau tena."

Lakini kusahau kwa makusudi ni kama kulala kwa kuamrishwa. Nilirudi kila adhuhuri. Tulijaribu kuangalia dirisha, tukajaribu kufumba macho tukagongana vipaji vya nyuso. Siku nyingine vidole vililegea hatua mbili, siku nyingine havikutaka kusikia. Mtaalamu wa mazoezi alikuja kujionea, na daftari lake, na siku hiyo mkono ulikuwa jiwe.

"Una haya," Bi Pembe alimweleza. "Hautaki wageni."

Yule dada hakukata tamaa. Aliona mvuke na harufu ya Shemeji vinamwamsha yule mlinzi, akatuombea ruhusa tukunje kwenye baraza lililo nje ya chumba chake cha mazoezi, kuna upepo na miti ya maua. Bi Pembe alibeba mashuka ya siku kwenye kikapu na kuja nayo huko saa ya mapumziko. Ndivyo tulivyokutana na Tofali.

Tofali alikuwa fundi uashi. Alianguka kutoka kwenye jukwaa la ujenzi, mguu ukavunjika, ukaunga, naye akakataa kuukanyagia. Alitembelea magongo mawili na mguu ule akiuning'iniza kama mzigo wa mtu mwingine. Wauguzi walimpa jina hilo kwa sababu alikaa kwenye benchi ameelekea ukutani, hasemi na mtu. Siku ya kwanza alitupa mgongo. Siku ya tatu alitupa sikio. Siku ya nne benchi lilikuwa limegeuzwa, sijui na nani.

Umbea wa fundi saa ulikuwa umefika pazuri. Kila Jumamosi aliitwa kwa mjane kwa sababu saa ya ukutani imechelewa. Aliitengeneza mbele ya watu, ikaenda sawasawa. Jumamosi ya pili imechelewa tena, nusu saa nzima. Mtaa ukaanza kumcheka: fundi gani huyu, saa moja inamshinda wiki saba? Maskini alikonda. Alinunua springi mpya kwa fedha yake mwenyewe. Alianza kusema ataacha ufundi.

"Sasa Jumamosi iliyopita," Bi Pembe alininong'oneza, tukaachana.

"Na Jumamosi iliyopita kukatokea nini?" sauti ilitoka kwenye benchi, nzito, kama mlango usiofunguliwa siku nyingi.

Bi Pembe hakumwangalia. "Umbea wa shuka hauendi benchi, kaka. Anayeutaka aje ashike pembe."

Na kabla Bi Pembe hajaniambia, akaja mtu mbio kutoka dobi: Shemeji amekwama, ameng'ang'ania mashuka mawili, msimamizi anamtaka Bi Pembe sasa hivi. Akaniachia shuka na kuondoka, akibeba mwisho wa hadithi ndani ya kifua chake.

Nilisimama pale na shuka linaburuta sakafuni. Tofali akaniangalia, akayaangalia magongo.

"Nitashika mimi," alisema. "Lakini unimalizie."

"Magongo utayashika na nini?"

Alilifikiria hilo. Akayaegemeza kwenye benchi, akainuka akishikilia nguzo, akazichukua zile pembe mbili. Tukanyoosha. Shuka lilitetemeka upande wake, nami nikalishika imara upande wangu, nikavuta kidogo ili lipate kumsimamisha. Nikahisi kile nilichokihisi ndotoni, mtu upande wa pili anajibu.

Shida ilikuwa moja: mwisho wa hadithi sikuujua. Lakini ungeuona uso wake nawe usingethubutu kumwambia.

"Jumamosi iliyopita," nilinong'ona, chini sana, "fundi saa aliwahi kufika."

"Sisikii."

"Sogea."

Akasogea. Mguu ule ulitangulia kwa ncha ya kidole, kama mtu anayejaribu maji ya kuoga. Nikauangalia. Sikuwahi kuangalia kitu maishani kama nilivyouangalia ule unyayo. Nilimwona mlinzi wake amesimama pale kwenye kifundo, na rungu lake, amechoka, hajalala tangu siku ya kuanguka. Nikasema naye moyoni kwa upole: kaa kidogo, baba, hapa hakuna jukwaa, hapa ni sakafu.

"Alifika kabla ya saa yake," nikaendelea, "akachungulia dirishani."

Hatua. Kisigino kiligusa chini, kikatoka, kikarudi.

"Akamwona mjane amepanda juu ya kigoda."

Hatua.

"Amefungua kioo cha saa."

Upepo uliingia chini ya shuka likajaa kama kitu kinachopumua, tukabaki tumeshikana nalo, mimi na yeye, na baraza likawa limekwenda mbali. Sikusikia tena magari wala wauguzi. Kulikuwa na kisigino tu.

"Kumbe saa haikuwa na ubovu wowote," nikamwambia, sasa tumekutana, namnong'oneza kama Bi Pembe. "Kila Jumamosi asubuhi mwenyewe alikuwa anairudisha nyuma kwa kidole, ili fundi aje."

Tofali alicheka. Alicheka mpaka akapinda, na alipopinda alisimamia miguu miwili, na magongo yako kule kwenye benchi hayana kazi. Alipotulia akafuta macho kwa shuka la hospitali.

"Haya mama, nipe basi pembe zako tumalize."

Nikampa. Ndipo nilipoona kiganja changu cha kulia. Kilikuwa wazi juu ya mkono wake, vidole vitano, vyekundu kidogo, kama mtu aliyeamka na bado anajiuliza kama alale tena. Nikavitazama. Havikufunga.

Yule dada wa viatu vya raba alikuwa amesimama dirishani, sijui tangu lini. Alitoka nje akaketi chini kwenye ngazi. Kisha akasema, "Mama, kesho kuna mwalimu ambaye bega lake halinyanyuki. Utakuja?"

"Nije kufanya nini?"

"Kukunja."

"Mimi ni mfuaji, mwanangu."

"Najua."

Bi Pembe aliporudi nilimwambia mwisho niliobuni. Alisikiliza ameweka mkono kiunoni. "Si kweli hata chembe," alisema. "Saa ilikuwa mbovu, na mjane alinunua nyingine. Lakini wako ni mtamu kuliko wa kweli, nitausambaza huo."

Aproni sikuichukua tena. Kwa mwalimu nilikwenda, na baada yake kwa dereva, na mpishi, na mama aliyeogopa kugeuza shingo. Miaka kumi na minne nimekunja mashuka kwenye baraza lile. Yule dada huwapima kwanza, hunionyesha mfupa upi usivutwe na mtu yupi bado hajawa tayari, na nikiona uso umebadilika naacha pale pale. Si kila kiungo kilifunguka. Mkono wa mwalimu haujapita sikio mpaka leo. Aliendelea kuja kwa sababu alitaka kujua kama fundi saa na mjane walioana. Nilimkunjia vilevile. Kuna mlinzi haondoki, lakini hata yeye anapenda kuongeleshwa.

Hayo yalikuja baadaye. Siku ninayotaka kuisema ni ya tisa baada ya Tofali, asubuhi, katika wodi ya wazazi. Mkunga alikuja na kifurushi cheupe, akauliza bibi yuko wapi. Nikanyoosha mikono yangu miwili.

Na wote wakauangalia mmoja, ule wa kulia. Binti yangu kutoka kitandani, amechoka, macho yote yako kwenye kiganja changu. Mkwe wangu mlangoni, safari hii hana utani. Mkunga naye akasita, maana alikuwa amesikia. Nikahisi baridi ikipanda kutoka kwenye kifundo, nikamsikia yule wa rungu anaamka, anauliza nani huyo, nani. Kidole cha mwisho kikaanza kupinda. Kikafuata cha pili.

Nikaondoa macho pale nikamtazama mtoto.

Alikuwa amefumba ngumi. Zote mbili, zimekaza, ziko chini ya kidevu, vifundo vyeupe kama punje za mchele. Uso umekunjamana kama shuka ambalo halijapita popote. Nikashangaa. Wewe nawe, nikawaza, nani kakutisha njiani? Umefumbata nini? Nikawa nazitazama zile ngumi, moja, halafu nyingine, nikitafuta mlinzi wake amesimama wapi. Na nilipokuja kuzinduka, kichwa chake kilikuwa ndani ya kiganja changu cha kulia, kizito, cha moto, kimetulia. Sikujua nilipewa saa ngapi.

Mkwe wangu akavuta pumzi. "Ngumi kazirithi kwa bibi yake."

"Mama, mfungue vidole tumwone," binti yangu alisema, analia na kucheka.

"Mwache kwanza."

Nikamsogeza karibu na uso wangu. "Kulikuwa na fundi saa," nikamnong'oneza. Nikamrudisha nyuma kidogo, nikanyamaza, nikamtikisa taratibu. Nikamsogeza tena. "Na kulikuwa na mjane anayeuza vifungo." Nikamrudisha. Dirisha la wodi lilikuwa limejaa jua, na kila kitu mle ndani kilikuwa cheupe, mashuka, kuta, hewa.

Mara ya tatu nilipomleta karibu alikuwa amelala, na kidole chake kidogo kabisa kilikuwa kimefunguka chenyewe.